Sauti Iliyofanana na ya Mzee

Funguo za kanisa letu zimefungwa pamoja kwa kipande cha kitenge kilichosukwa, kitenge ambacho zamani kilikuwa cha kijani na sasa kina rangi ya viganja vya waliokishika. Upo ufunguo mrefu wa mlango mkubwa, ambao lazima uuinue kidogo huku ukisukuma ubao kwa goti ndipo ukubali kuzunguka. Upo wa kufuli la geti, upo wa stoo ya kinanda na vipaza sauti, upo wa chumba cha shule ya Jumapili. Na upo mmoja mdogo wa shaba ambao hakuna anayejua unafungua nini. Mhubiri angeukamata huo akapata mahubiri ya nusu saa. Mimi nauacha hapo ulipo, maana hata wazee wameuacha na hakuna aliyethubutu kuutupa. Jumamosi saa kumi jioni kwaya ya vijana hukaa barazani kumsubiri mwenye funguo, migongo imeegemea ukuta, milima ya Uluguru imejifunika mawingu nyuma ya paa, na mmoja akianza kuvumisha sauti ya nne wengine humfuata taratibu bila kuambiwa.

Mwenye funguo ni kijana aliyehitimu shahada ya ualimu, masomo ya Historia na Kiswahili. Cheti chake kiko ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati nyumbani kwao, pamoja na nakala zilizogongwa mhuri wa wakili. Huomba kazi serikalini kila nafasi zinapotangazwa, amefundisha tuisheni, amejitolea shule ya kata. Katikati ya hayo yote, bila kikao chochote kumteua, akawa ndiye anayefungua kanisa. Hupanga viti vya plastiki, hufuta vumbi madhabahuni, huchomeka nyaya, hugonga kipaza sauti kwa ukucha na kusema "moja, mbili, moja, mbili" kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika. Jumapili watu wakitoka ibadani humpa mkono na kumwuliza, "Vipi mwanangu, umeshapata kitu?" Wanamaanisha kazi. Naye hujibu, "Bado, mama, tunamngoja Mungu," ilhali funguo zinaning'inia kidoleni.

Tunamngoja Mungu. Ukikaa na vijana wa rika lake, hasa hawa wa kwaya na wa maombi ya Ijumaa usiku, utaona kwamba kinachongojwa ni zaidi ya mshahara. Wanangoja kuambiwa walizaliwa kwa ajili ya nini. Mahubiri waliyokua nayo tangu kipaimara yamewaambia kwamba kila mmoja ana kusudi lake, limepangwa kabla hajazaliwa, na kwamba kulikosa ni kuishi maisha ya mtu mwingine. Basi kijana wa miaka 26 huamka asubuhi na mizigo miwili: hana kazi, na tena anaogopa kwamba hata akiipata huenda isiwe ile. Wazee wetu waliujua mzigo wa kwanza, wa pili hawakuujua. Mtoto wa mkulima alishika jembe, na aliyesoma alipangiwa kituo na serikali, akapanda lori akaenda. Wala methali zetu hazimsaidii sana anayengoja, kwa maana zina ushauri wa namna mbili. Subira yavuta heri. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Yote mawili atayasikia ndani ya wiki moja, pengine kwa shangazi yule yule.

Habari ya Samweli, mtoto aliyeitwa na Mungu usiku, tuliisoma wote shule ya Jumapili, na nadhani tuliisoma upesi mno. Tulikimbilia lile jibu la mtoto, tukalifanyia igizo, tukavaa mashuka meupe. Tukaruka zile safari za usiku. Mtoto amelala hekaluni, taa haijazimika, anasikia jina lake. Anaamka, anakimbia kwa mzee Eli kuitikia. Mzee anasema hakumwita, arudi akalale. Anarudi. Inatokea tena, na tena. Hapo ndipo huwa nasimama: kwa nini alikimbilia kwa Eli mara zote tatu? Lazima sauti ile ilikuwa ya namna aliyoizoea. Mungu angenguruma kama alivyonguruma Sinai, mtoto angejifunika shuka gubigubi, asingekwenda kuuliza kama mzee anahitaji kitu. Sauti iliyokuja kumgeuzia maisha ilikaribiana mno na ya mtu anayeamka usiku akipapasa mkongojo wake. Na Maandiko yanasema wazi kwamba wakati ule Samweli alikuwa bado hajamjua Bwana. Anatumika nyumbani mwake, analala humo humo, anavaa naivera ya kitani, na bado hajamjua. Jambo hili lingewafariji vijana wengi wanaopiga kinanda Jumapili kisha wakarudi nyumbani na moyo mkavu, ila sijapata kulisikia likihubiriwa.

Sasa mtazame huyo mzee. Macho yake yameingia giza. Wanawe, Hofni na Finehasi, ni makuhani wanaopora nyama ya dhabihu, naye amewakemea kwa maneno laini akaishia hapo. Mtu anayemtafutia mwanawe mlezi wa kiroho asingebisha hodi kwa Eli. Lakini Hana, mama yake Samweli, alibisha, akamwacha mtoto pale, na kila mwaka alipopanda kwenda kutoa dhabihu alimpelekea kanzu ndogo aliyoishona mwenyewe, akikisia kwa moyo wa mama amerefuka kiasi gani tangu safari iliyopita. Na ni Eli huyo huyo, aliyeshindwa na watoto wake wa kuzaa, aliyetambua mara ya tatu kwamba mtoto wa kulea anaitwa na nani. Hakumpa ujumbe wowote. Hakusema, "Nimeoneshwa kwamba utakuwa nabii." Alimfundisha la kujibu, akamrudisha kitandani. Penye wazee haliharibiki neno, twasema. Hapa mzee mwenyewe alikuwa ameharibu mengi, na bado neno halikuharibika mikononi mwake.

Sura hiyo haiishii usiku. Baada ya kusemeshwa na Mungu, Samweli alilala mpaka asubuhi, kisha akaamka akafungua milango ya nyumba ya Bwana. Hakuna aliyemtuma. Ilikuwa kazi yake ya jana na ya juzi. Mwandishi wa kitabu hicho, ambaye hapotezi maneno, aliona vema atuambie kwamba mtoto aliyefanywa nabii usiku aliamkia kwenye makomeo. Ningependa kijana wetu wa Jumamosi aisome mistari hiyo siku ambayo ameulizwa mara nyingi kama amepata kitu.

Siku hizi Eli amepata ushindani mkubwa. Barabara kuu imejaa mabango yenye picha za watumishi waliovaa suti za kung'aa, na chini yake tangazo la kongamano: jua kusudi lako, fungua nyota yako. Vijana hupanda basi kutoka Kilosa na Ifakara, hulala juu ya mabenchi, hushinda bila kula. Sina kinyongo na kufunga wala na kukesha. Mkesha umewashikilia watu ninaowafahamu wakati ambapo hakuna kingine kingewashika. Kinachonitia shaka ni ile foleni ya mwisho, ambapo kila mmoja husogea mbele, akawekewa mkono kichwani na kuambiwa upesi upesi: wewe ni mfanyabiashara wa kimataifa, wewe nakuona ukihutubia mataifa, wewe umefungwa upande wa baba. Anayesema hayo hajui hata jina la aliye mbele yake. Eli alikuwa haoni, na mtoto alikuwa akimjia kila siku; bila shaka aliujua hata mlio wa nyayo zake sakafuni. Wala sijasikia mtu katika foleni hiyo akitabiriwa kwamba atafundisha darasa la tatu huko Mvomero mpaka astaafu, na kwamba atawapenda wanafunzi wake.

Na marafiki je? Hapo kijana wa Kikristo wa Tanzania ana utajiri asioujua mpaka umwishie. Sekondari aliingia ushirika wa wanafunzi: UKWATA, au TYCS kama ni Mkatoliki, au CASFETA kama ni Mpentekoste. Chuoni akakuta ushirika mwingine ukimngoja siku ya usajili, vijana wenye fulana za aina moja wakimsaidia kubeba godoro mpaka bwenini. Kwa miaka mitatu alikuwa na watu wa kuomba nao alfajiri katika darasa tupu, watu wa kukopeshana nao bumu likichelewa, watu wa kumwambia usoni kwamba yule binti anayemfuatilia hana habari naye. Kisha yakaja mahafali, joho, picha na mashada ya maua ya plastiki, na kila mtu akashika njia yake. Ushirika ule ulikuwa umejengwa juu ya ratiba ya chuo. Ratiba ilipokwisha, nao ukaisha. Kikabaki kikundi cha WhatsApp. Mwaka wa kwanza kina mstari wa Biblia kila asubuhi. Mwaka wa pili zinaanza kuingia kadi za harusi.

Habari za michango waandishi wa mambo ya kiroho huzikwepa, nami naona ndipo urafiki mwingi wa ujana unapovunjikia. Rafiki mliyekuwa mkichangia sahani moja ya wali maharage sasa anakutumia kadi yenye kiwango cha mtu mmoja na cha wawili, na namba ya mtunza hazina wa kamati. Anakutumia kwa upendo; asipokutumia utalalamika umesahauliwa. Wewe huna. Unaandika "hongera sana mpendwa, Mungu akutangulie," unaahidi, tarehe inakaribia, katibu anabandika orodha ya walioahidi na waliomaliza, na mbele ya jina lako kuna sifuri. Harusini huendi. Baada ya harusi unaona aibu kupiga simu, aibu inazaa kimya, na kimya kinazeeka. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walishasema, na asiye na kazi huisoma methali hiyo kama hukumu juu yake, akajiondoa kabla hajaondolewa. Basi katika majira yale yale anapomhitaji mtu wa kumwambia "sauti hiyo siyo yangu, rudi ukasikilize," hana mtu. Jifya moja haliinjiki chungu. Naye, akiona chungu hakikai, huongeza siku za kufunga, akidhani upungufu uko kwenye maombi.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake juu ya urafiki wa namna hiyo, na inaanzia kwa watu wawili waliochoka. Septemba 1929 daktari Mwingereza aitwaye Joe Church alifika Kampala akitoka Gahini, Rwanda, alikokuwa akitumika hospitalini. Njaa kubwa ilikuwa imepita huko na kuua watu wengi, naye alikuwa amekauka moyoni. Kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya afya ya serikali, mtu aliyekuwa na kiu ambayo ibada za kawaida hazikuikata. Wakakaa na Biblia zao siku mbili, wakifuatilia yanayosemwa juu ya Roho Mtakatifu, wakaomba. Ni hayo tu. Katika Uganda ya wakoloni, Mzungu na Mwafrika kuketi hivyo, kila mmoja akikiri mbele ya mwenzake kwamba amepungukiwa, lilikuwa jambo geni kuliko unabii wowote. Baadaye Nsibambi aliacha kazi ya serikali, akawa akimhubiria mtu mmoja mmoja. Church alirudi kwa wagonjwa wake Gahini. Uamsho uliotokana na urafiki kama huo ukaenea Uganda na Rwanda, ukaingia Burundi, Kenya na Tanganyika, na ukiingia leo nyumbani kwa mlokole mzee kule Kagera hutashangaa kupokewa kwa wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza, hata kama mwenyeji si Mganda.

Wala Namirembe hawakwenda kutafuta kusudi la maisha yao. Mmoja alikuwa na hospitali, mwingine alikuwa na ofisi. Walichokosa ni mtu wa kumwambia ukweli. Wafuasi wao waliufanya ukweli huo kuwa desturi, wakaiita kutembea nuruni: kukaa pamoja kila wiki na kusema wazi kilichoharibika. Nakubali kwamba desturi hiyo nayo ilizaa mapolisi wa dhambi za wenzao, na wapo waliotubishwa mambo ambayo yangekaa vema kati yao na Mungu. Lakini namkumbuka Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliyekwenda Gahini kufundisha na akafariki Januari 1936, angali kijana, kwa homa itokanayo na papasi. Neno alilokusudia kuliambia kanisa la Uganda lilibaki kwa wenzake kulisema. Kwa hesabu ya makongamano yetu, huyo hakufikia kusudi lake. Kwa hesabu ya marafiki zake, wito wake uliendelea kutembea kwa miguu ya watu wengine, na sijui kama kuna wito usiohitaji miguu hiyo.

Mtume Paulo naye ana ukurasa ambao ningeubandika kwenye ukuta wa kila ofisi inayopokea barua za maombi ya kazi. Alipofika Korintho alikutana na Akila na mkewe Prisila, watu waliofukuzwa Rumi kwa amri ya Kaisari Klaudio pamoja na Wayahudi wengine. Kilichowakutanisha kilikuwa ufundi: wote walikuwa mafundi wa mahema. Akakaa kwao, wakafanya kazi pamoja. Luka hatuelezi walizungumza nini, lakini aliyewahi kukaa na mafundi anajua mazungumzo ya kazini yalivyo. Macho yako kwenye sindano, hivyo hakuna anayemkazia mwenzake macho. Ukinyamaza, kimya chako hakimwaibishi mtu. Jambo ulilolifungia mwaka mzima linakuponyoka ukitafuta mkasi. Baadaye, Efeso, mume na mke hao walimsikia Apolo, msemaji hodari aliyekuwa akijua nusu ya habari. Hawakumsahihisha mbele ya watu. Walimchukua kwao wakamweleza iliyobaki. Mafundi wa mahema wakawa walimu wa mhubiri, na nadhani namna ya kumkalisha mtu pembeni waliijifunzia kwenye mahema.

Ndiyo maana siwasikitikii vijana waliohitimu wakaishia kijiweni kwa muda, ingawa naisikitikia nchi iliyowasomesha ikawaacha hapo. Karibu na kanisa letu kuna kijiwe cha bodaboda chenye kisanduku cha bati ambamo madereva huweka akiba ya kila siku. Mmoja akianguka, kisanduku hufunguliwa bila kamati. Wawili kati yao wana shahada. Nimewakuta mchana wa jua kali chini ya mwarobaini wakibishana juu ya Ayubu, mmoja akisema marafiki wa Ayubu walifanya vema zile siku saba za mwanzo walizokaa chini naye kimya, wakaharibu walipofungua midomo. Mwenzake akasema, "Kaka, hapo umehubiri," kisha akawasha pikipiki akamfuata abiria. Hiyo ni tafsiri ya kitabu cha Ayubu ambayo ningeilipia kiingilio.

Ila urafiki usitukuzwe kupita kiasi, kwa maana rafiki naye hukosea sauti. Basili na Gregori wa Nazianzo, mababa wa kanisa la kale, walisoma pamoja Athene wakiwa vijana, wakapendana kama ndugu, wakaota kuishi pamoja maisha ya sala. Kisha Basili akawa askofu mkubwa wa Kaisaria, akaingia katika ugomvi wa mipaka ya majimbo, akahitaji watu wake katika miji midogo. Mwaka 372 akamfanya Gregori kuwa askofu wa Sasima, kituo cha njia panda chenye vumbi na makelele ya magari ya kukokotwa. Gregori aliona ametumiwa. Urafiki ule haukurudi kuwa kama mwanzo, na miaka mingi baadaye, Basili akiwa ameshafariki, bado Gregori aliandika kwa uchungu juu ya Sasima. Kazi iliyomfaa alikuja kuipata Konstantinopoli, akihubiri katika nyumba ya ndugu yake iliyofanywa kanisa. Linganisha na Augustino, Mwafrika wa Thagaste, aliyekwenda Hippo mwaka 391 kuonana na mtu fulani. Waumini wakamkamata ibadani wakataka apewe upadri hapo hapo, naye akalia machozi. Huyo naye alisukumwa. Lakini aliomba muda ajifunze Maandiko kwanza, na askofu mzee Valerio alimtendea kama mwana, hata akamruhusu kuhubiri mbele yake, jambo ambalo halikuwa desturi ya Afrika ya Kaskazini. Naona tofauti iko hapo. Basili alikuwa na pengo la kuziba; Valerio alikuwa na mtu wa kumkuza.

Kijana anayeambiwa na kanisa lake "una wito wa uinjilisti" ana haki ya kuuliza kama kanisa limemwona yeye au limeona mtaa usio na mwinjilisti. Pengine vyote viwili ni kweli. Kuuliza si ujinga, na wala si uasi.

Sijasema bado ujumbe aliopewa Samweli usiku ule. Haukuwa ahadi ya makuu. Ulikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli, kwa ajili ya wanawe na kwa ajili ya ulaini wake. Mtoto aliogopa kusema. Mzee akamwita asubuhi, akamtaka asimfiche hata neno moja, akayasikia yote, akakubali kwamba yametoka kwa Bwana. Nashuku kwamba hii ndiyo sababu sisi watu wazima tunapenda kuwahubiria vijana habari za kusudi kuliko kuwauliza wanasikia nini. Akipewa nafasi, kijana huenda akasema kwamba hesabu za ujenzi hazieleweki. Huenda akasema kamati ya vijana haina kijana. Huenda akasema kwamba anafungua mlango kila Jumamosi na hakuna mzee hata mmoja aliyewahi kumkaribisha kwake.

Kwa hiyo, baba zangu wazee wa kanisa, na mama zetu wa umoja wa wanawake, Jumapili ijayo mchukueni kijana mmoja mkale naye chakula cha mchana. Msimwulize kama ameshapata kitu. Mwulizeni anasikia nini siku hizi, mkae kimya mpaka amalize, hata akifika kwenye habari za nyumba yenu. Nanyi vijana mnaomkwepa rafiki kwa sababu ya mchango ambao hamkumaliza, mpigieni leo. Mwambieni hamna, kisha mwulizeni hali yake.